Waya wa SATA kwenda USB umeniokolea picha za baba

Jamani huu waya wa kuchomeka diski ya laptopu kwenye USB lazima niusemee. Wiki mbili zilizopita nimewasha laptopu asubuhi ikaleta kioo cheusi na maandishi kwamba haioni diski, nikazima nikawasha tena kilekile, nikaingia BIOS (ukurasa wa mipangilio kabla Windows haijawaka) kwa F2, pale jina la diski linapokaa pako patupu. Nilitetemeka, maana picha zote za marehemu baba zimo humo na kopi nyingine sina.

Fundi wa kwanza hata hakuifungua, akasema diski imekufa, nunua SSD (diski ya aina mpya) nikupigie Windows upya. Roho ikakataa. Siku mbili kabla laptopu ilikuwa inaganda kila nikiinyanyua, nikiituliza mezani inaendelea, na diski yenyewe haikuwa na mlio wowote wa ajabu, nikawaza huenda ni muunganisho tu.

Nikaenda Kariakoo nikanunua huu waya Sh 15,000, upande mmoja SATA inayoingia kwenye diski, upande mwingine USB 3.0. Nikachomoa betri, nikaitoa diski (ni ile ndogo ya inchi 2.5), nikaichomeka kwenye laptopu ya mdogo wangu, nikasubiri nimeshika kichwa... ikasoma! Folda ya baba ipo, hakuna hata picha moja iliyopotea. Sikugusa kitu kingine, nilikopi kwanza kila kitu, karibu GB 180, masaa mawili hivi.

Kumbe mgonjwa alikuwa ule utepe mwembamba unaounganisha diski na mazabodi (bodi kuu ya laptopu). Fundi mwingine kanibadilishia kwa Sh 25,000 na sasa laptopu inawaka na diski ileile.

Ubaya wake, ni mfupi mno, diski inaning'inia usipoiwekea kitabu chini. Halafu kama diski yako ni ile kubwa ya inchi 3.5 ya kompyuta ya mezani usinunue huu, ile inataka volti 12 na USB inatoa 5 tu, ulizia wenye adapta yake ya umeme. Na ukichomeka kompyuta ikakuuliza ufomati (yaani uifute diski), kataa kabisa, na ukisikia diski inagonga tik tik chomoa hapohapo usilazimishe, kila ukiiwasha unazidi kuiumiza.

Nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya ufupi. Mdogo wangu keshauazima, jirani yao naye diski haisomi.