Common Data Set: hati ya bure inayopima uzito wa nafasi darasani

Kwa anayeomba chuo Marekani, hati hii inayotolewa na vyuo vingi kila mwaka inafaa kuliko uvumi wowote. Fungua sehemu ya C7, tafuta mstari wa nafasi darasani (class rank, yaani mwanafunzi ni wa ngapi kwa alama kati ya wenzake): chuo hutia alama kwenye ngazi moja kati ya nne, kuanzia "muhimu sana" hadi "haizingatiwi".

Wengi hujikwaa sehemu ya C10. Asilimia ya wanafunzi wapya waliokuwa kwenye asilimia kumi ya juu ya darasa lao hukokotolewa kwa waliowasilisha nafasi tu, na sekondari nyingi hazipangi wanafunzi tena. Angalia mstari wa chini unaoonyesha wangapi waliwasilisha. Wakiwa wachache, takwimu ile kubwa isikutishe hata kidogo.

Kwa vyuo vya umma vya Texas, hati hii haitoshi. Sheria ya jimbo hilo ya 1997 huipa nafasi ya juu darasani uzito wa udahili wa moja kwa moja.