Singer Heavy Duty 4423: cherehani ya kuanzia biashara ya mapambo ya nyumba

Anayetaka kuanzisha biashara ya mapambo ya nyumba huku akiendelea na ajira yake hukabiliwa mapema na swali la mtaji wake wa kwanza auweke wapi. Wengi huanza kwa kununua na kuuza vyombo vya maua, fremu za picha na saa za ukutani. Naamini kwamba mtu mwenye mkono wa kushona atafanya vyema zaidi akianza na vitambaa, kwa sababu foronya za mito ya makochi, mapazia na vitambaa vya meza vinaweza kupimwa na kukatwa kwa mahitaji ya mteja mmoja, na hapo ndipo kazi ya nyumbani inapoweza kushindana na bidhaa za kiwandani, ambazo huja katika vipimo vichache vilivyokwisha kupangwa. Mashine ninayoitumia kwa kazi hiyo ni Singer Heavy Duty 4423, na ninaitathmini hapa kwa macho ya mtu mwenye saa chache za jioni na mwisho wa juma, si kwa macho ya fundi anayeshinda kwenye cherehani kutwa nzima.

Sifa inayotangulizwa sana kuhusu mashine hii ni kasi yake, ambayo ni mapigo ya sindano 1,100 kwa dakika. Ni kasi kubwa kwa cherehani ya nyumbani, lakini mnunuzi asiipe uzito kuliko inavyostahili. Chukua foronya ya mto wa sentimita 45 kwa 45. Mzunguko wake hauzidi sentimita 180, na ukishona kwa pigo la urefu wa milimita 2.5 utahitaji mapigo yapatayo 720, ambayo kwa kasi kamili yangeisha katika muda usiofika dakika moja. Ongeza zipu, ongeza na zigizaga ya kuzuia kingo zisichomoke nyuzi, bado sindano itakuwa imefanya kazi kwa dakika chache tu. Muda uliobaki wote umekwenda kwenye kupima, kukata, kupiga pasi, kubana kwa pini na kulainisha pembe. Kwa mtu ambaye rasilimali yake adimu ni muda, cherehani inayofaa ni ile isiyomkwamisha katikati ya kazi, hata kama si ya kasi zaidi sokoni.

Kwa kipimo hicho, 4423 inastahili sifa. Fremu yake ya ndani ni ya chuma na bamba lake la kushonea ni la chuma kisichoshika kutu, hivyo mashine hutulia mezani na kitambaa huteleza vizuri juu yake. Mguu wa kukandamizia kitambaa huinuka zaidi ya kawaida, jambo ambalo thamani yake huonekana pale unapoingiza pembe ya foronya yenye tabaka nne za turubai au upindo wa pazia lenye bitana. Mkandamizo wa mguu huo unaweza kuongezwa au kupunguzwa, nami naliona hili kuwa jambo la maana kuliko mitindo yote 23 ya kushona iliyomo ndani yake, kwa kuwa muuzaji wa mapambo huhama kutoka pazia jepesi linalopitisha mwanga hadi kitani kizito ndani ya jioni ileile. Bobini, yaani kigurudumu kidogo chenye uzi wa chini, huwekwa kutoka juu, chini ya kifuniko kinachopitisha mwanga, na kwa hiyo unaona uzi unavyopungua kabla haujaisha katikati ya mshono mrefu. Anayeshona foronya moja kwa wiki hataliona hili kuwa kubwa, lakini anayeshona upindo wa pazia zima atashukuru. Kipo pia kifaa cha kutungia uzi kwenye sindano, msaada wa kweli kwa macho yaliyochoka baada ya siku nzima ya kazi nyingine.

Kuhusu ile mitindo 23, sema tu kwamba katika biashara hii utaitumia michache: mshono ulionyooka, zigizaga, zigizaga ya hatua nyingi na ule wa upindo usioonekana. Mingine ni ya kupendeza, ila haileti wateja.

Vifaa vinavyoambatana na mashine vinamfaa mwanzilishi. Mguu wa zipu umo, na huo ndio utakaotumika kila siku. Mguu wa upindo usioonekana hununuliwa kando, na vivyo hivyo mguu unaosukuma tabaka la juu la kitambaa sambamba na la chini, ambao ni wa lazima kwa yeyote anayekusudia kuuza foronya za mahameli. Mahameli yana vinyweleo vinavyolala upande mmoja, na tabaka mbili zikikutana uso kwa uso husukumana, mshono ukaishia na upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Bila mguu huo utalazimika kubana kwa pini nyingi mno au kushona kwanza kwa mkono, na saa zako za jioni zitapotelea hapo. Gharama ya miguu hiyo miwili ihesabiwe tangu mwanzo kama sehemu ya bei ya mashine.

Sasa nieleze jinsi mashine hii inavyokaa ndani ya biashara yenyewe, kwa sababu tathmini ya chombo cha kazi haikamiliki bila kutazama kazi. Bidhaa ninayoipendekeza kwa mwanzo ni foronya yenye zipu kwenye mshono wa chini. Ukikata vipande vya sentimita 46 kwa 46, ukaacha nafasi ya mshono ya sentimita moja kila upande, utapata foronya ya sentimita 44, ambayo ikivishwa mto wa sentimita 45 hujaa vizuri bila mikunjo kwenye pembe. Kitambaa chenye upana wa sentimita 140 hutoa vipande vitatu kwa safu, na mita moja hutoa safu mbili, yaani vipande sita, ambavyo ni foronya tatu kamili. Foronya isiyo na zipu, ile ambayo nyuma yake huwa na vipande viwili vinavyopandana, huonekana rahisi zaidi kushona, na wanaoanza huikimbilia. Lakini nyuma yake inahitaji kitambaa zaidi kwa ajili ya mapandano na pindo, na hesabu ya foronya tatu kwa mita huharibika. Kwa mguu wa zipu ulio ndani ya sanduku la mashine hii, hakuna sababu ya kupoteza kitambaa hicho.

Kazi ifanywe kwa mafungu: jioni moja ya kukata tu, nyingine ya kuzuia kingo na kutia zipu, nyingine ya kufunga mishono na kupiga pasi. Mashine yenyewe inasaidia mpangilio huu, kwa sababu kubadilisha mguu wa zipu na ule wa kawaida ni kubofya na kupachika tu, ingawa ukiufanya mara mbili kwa kila foronya, badala ya mara mbili kwa fungu zima, utaona jinsi dakika zinavyopotea.

Mapazia ni suala jingine, na hapa naipongeza mashine kwa tahadhari. Dirisha lenye fimbo ya sentimita 200, kwa pazia lililojaa mara mbili, linahitaji upana wa sentimita 400, yaani mapana matatu ya kitambaa cha sentimita 140 yaliyounganishwa. Mota haina shida na mshono huo. Shida huletwa na uzito wa kitambaa kinachoning'inia, ambacho huivuta kazi kushoto na kupinda mshono. Nafasi iliyo kulia kwa sindano ni takriban sentimita 16, lakini kwa mapazia nafasi hiyo haisumbui sana, maana sehemu kubwa ya kitambaa hukaa kushoto. Kinachohitajika ni meza pana upande wa kushoto na nyuma, ikiwezekana iliyo sawa kwa kimo na bamba la mashine. Asiye na meza ya namna hiyo aahirishe mapazia, akubali kwanza maagizo ya foronya na vitambaa vya meza. Kwa mapazia tumia uzi wa poliesta badala ya uzi wa pamba, kwa kuwa huvumilia jua vizuri zaidi, na kitambaa cha pamba kifuliwe kabla ya kukatwa ili kisije kikapungua urefu nyumbani kwa mteja.

Upungufu wake mkuu kwa mwanzilishi, kwa maoni yangu, ni kwamba kasi huongozwa na kanyagio peke yake. Hakuna kidhibiti cha kuweka kikomo cha kasi kwenye mwili wa mashine, na mguu usiozoea huikimbiza zaidi ya ulivyokusudia, hasa unapokaribia meno ya zipu au pembe. Dawa yake ni mazoezi kwenye mabaki ya kitambaa, na kugeuza gurudumu kwa mkono katika sehemu nyeti.

Jina la Heavy Duty nalo lisieleweke vibaya. Linaashiria nguvu miongoni mwa cherehani za nyumbani, na kitabu cha maelekezo kinasema wazi kwamba mashine imekusudiwa matumizi ya nyumbani. Cherehani ya kiwandani ya mshono ulionyooka hufikia mapigo 5,000 kwa dakika na hukaa kwenye meza yake yenyewe, lakini haishoni zigizaga, haihamishiki na inataka chumba chake. Hii ya 4423 ina uzito wa takriban kilo sita na nusu, inawekwa kwenye meza ya chakula na kuondolewa kabla familia haijaketi, na kwa biashara ya jioni sifa hiyo inazidi mapigo 5,000. Anayefikiria kushona makochi ya ngozi, au anayepata maagizo ya kumweka kwenye cherehani kwa muda wa saa nane kila siku, hiyo ni kazi ya mashine nyingine, na asome pia masharti ya dhamana yanasema nini kuhusu matumizi ya kibiashara.

Kabla ya kulipa, geuza mashine utazame kibandiko cha umeme, kwa sababu modeli hii huuzwa katika matoleo ya volti tofauti, na ile ya volti 120 haichomekwi moja kwa moja kwenye umeme wa volti 220 hadi 240. Nenda dukani na mabaki ya kitambaa unachokusudia kuuza, si kile chepesi ambacho muuzaji huwekea maonyesho, pamoja na sindano namba 14 kwa pamba ya kawaida na namba 16 kwa turubai. Kunja turubai mara nne, ushone polepole kuvuka mkunjo huo kwenda na kurudi, kisha utazame upande wa chini: mapigo yakiwa yamelingana na uzi haujafanya vitanzi, lipa. Bobini za akiba nazo zinunuliwe siku hiyohiyo, ziwe za plastiki inayopitisha mwanga za daraja la 15 (ndiyo aina ya ukubwa wake), kwa kuwa ndizo mashine hii ilizotengenezewa.