Nati za loki na ufunguo wake haupo: ununue nini ukiwa Tanga

Umenunua gari lililotumika kutoka Japani, rimu za spoti zinameta, siku ya pancha ndiyo unagundua kila tairi lina nati moja isiyofanana na wenzake. Hiyo ni nati ya loki, ya kuzuia wezi wa rimu. Haifunguki ila kwa ufunguo wake, kikopo kidogo cha chuma chenye mchoro unaoingiana na nati. Kabla hujatoa hata shilingi pekua gari lote: droo ya dashibodi, chini ya zulia la buti, mahali pa jeki, ndani ya tairi la spea. Mara nyingi umo humo humo.

Ukikosekana, mimi napanga hivi.

1. Soketi za kung'ata. Hizi ndizo za kununua. Ndani zina meno yaliyojipinda: unagonga soketi kwa nyundo juu ya nati, na kadiri unavyolegeza ndivyo meno yanavyozama. Pima kwanza upana wa kichwa cha nati. Soketi sahihi ni ile inayokataa kuingia kwa mkono, ikakubali kwa nyundo. Inayoingia kirahisi itateleza na kukuachia nati laini kama komwe. Angalia pia unene wa soketi yenyewe, maana rimu nyingi zina tundu jembamba na soketi nene haifiki kwenye nati. Muuza spea akikubali kukukatia seti, chukua saizi yako tu. Boksi kubwa la chuma laini ni hasara.

Wakati wa kufungua, gari liwe chini, handibreki juu, na nati nyingine zibaki zimekazwa ili zibebe mzigo. Tumia mkono mrefu, vuta polepole. Kama gari linalala Raskazone, kwenye upepo wa chumvi, pulizia dawa ya kutu tangu jana yake. Nati ikitoka itang'ang'ania ndani ya soketi. Isukume kwa kugonga upande wa pili.

Udhaifu wake mmoja: kuna nati zenye pete ya nje inayozunguka yenyewe. Hapo soketi itazunguka bure mpaka pete iondolewe, na hiyo ni kazi ya fundi mzoefu.

2. Ufunguo mpya kwa namba. Ukibahatika kupata kikaratasi chenye namba ya ufunguo, watengenezaji kama McGard hutoa mwingine kwa namba hiyo. Ndiyo njia safi kuliko zote, nati haiharibiki. Nimeiweka ya pili kwa sababu kifurushi cha kutoka nje hakimsaidii mtu ambaye tairi limeshalala. Kama huna haraka, ipandishe iwe ya kwanza. Ukiupata, usiutie kwenye mashine ya upepo, utapasuka.

3. Soketi ya kawaida ya pembe 12, ya kupigiliwa. Rahisi, na fundi yeyote wa Ngamiani anayo. Kwa nati yenye kichwa kilichochongoka haishiki.

4. Seti ya funguo za gereji. Hutengenezwa kwa aina moja ya gari, mfano Volkswagen au BMW. Mwenye gari moja asinunue. Atafute gereji yenye nayo.

5. Kuchomelea nati juu ya nati. Fundi atakwambia: "Bosi, dakika tano tu." Aluminiamu tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660, ya rimu hata kabla ya hapo, na tairi lenye upepo halipatani na moto. Ukifika hapo, toa upepo kwanza, na waya wa betri ukatolewe. Tindo sijaipa hata nafasi.

Kabla ya kugusa chochote, nunua nati mpya nne, za kawaida; mimi za loki sirudishi. Toyota, Honda na Mitsubishi nyingi ni 12×1.5 (unene wa skrubu kwa milimita, kisha nafasi kati ya nyuzi zake), Nissan, Subaru na Suzuki nyingi ni 12×1.25. Kitako, yaani sehemu ya nati inayokalia rimu, nacho hutofautiana: kuna cha koni, cha bapa, na cha mviringo kwenye rimu halisi za Honda. Nenda dukani na nati ya kawaida ya tairi hilo hilo. Nati mpya itembee kwa vidole hadi mwisho. Ikigoma njiani, si yake. Nati za Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Ukiwa unaelekea Segera, simama Muheza uzikague tena.