Mruko wa kwanza wa parachuti: kufungwa pamoja na mkufunzi au kuruka peke yako?

Mkaazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, akitazama kilele cha volkeno ya Nyiragongo, kipo takriban mita 2,000 juu ya mji wake. Katika mruko wa pamoja, ambapo mwanafunzi hufungwa kifuani mwa mkufunzi, ndege inaweza kupanda hadi karibu mara mbili ya kimo hicho, kisha wawili hao huanguka kwa mwendo wa takriban kilomita 200 kwa saa kabla ya parachuti kufunguliwa. Maelekezo huwa mafupi, kwa kuwa mkufunzi ndiye anayeamua karibu kila jambo. Hofu hubebwa na mtu mwingine, na kwa maoni yangu ndiyo maana mara nyingi hofu hiyo hurudi nyumbani pamoja na mwanafunzi.

Njia ya pili ni kuruka peke yako kutoka kama mita 1,000, huku mkanda uliofungwa kwenye ndege ukiifungua parachuti. Hutanguliwa na mafunzo marefu ya ardhini: kuning'inia kwenye mikanda, kuhesabu kwa sauti, kuachia parachuti kuu iliyoharibika na kufungua ya akiba, kutua miguu ikiwa imebanwa pamoja na magoti yamekunjwa kidogo. Marudio hayo ndiyo hupunguza hofu, kwani aliyesimama mlangoni, upepo ukimpiga usoni na vidole vimekaza kwenye chuma, hawezi kufikiri upya, hufanya alichokizoea.

Anayeganda kabisa kwa woga na aanze na mkufunzi. Lakini anayesafiri mbali, kwa mfano hadi Afrika Kusini, kwa nia ya kujifunza kuruka, ningemshauri achague njia ya pili.