Darasa la Kiingereza cha maongezi kwa watu wa Mlima Kilimanjaro hapa Moshi: kinachofaa na kinachotakiwa kurekebishwa

Wagumu wenzangu (yaani wapagazi), wapishi na maasistanti wa waongozaji wote mnaosubiri masika yaishe, wengi mmeniuliza kuhusu lile darasa la jioni la Kiingereza pale mjini kama linafaa au mtu anaenda kupoteza hela tu, nimeona niandike kila kitu mara moja kila mtu aamue mwenyewe. Jina la kituo siliweki kwa sababu nina malalamiko yangu na sitaki kumharibia mtu riziki, ila mliopo Moshi mkinitafuta nitawaelekeza.

Linafaa. Na linafaa kwa sababu moja kubwa ambayo sijaiona kwenye kozi nyingine, pale unafundishwa kuuliza. Wengi wetu tumesoma msingi kwa Kiswahili, ukiingia form one ghafla masomo yote Kiingereza, na hata huko kazi yetu ilikuwa kunakili ubaoni na kusubiri mwalimu aulize ndo ujibu. Mtu anamaliza form four tensi zote anazijua kichwani ila mwambie amuulize mtu kitu, amfuatilie, ambane taratibu mpaka apate jibu la kweli, hawezi, maana miaka yote mwenye ruhusa ya kuuliza alikuwa mwalimu. Sasa kazi ya kuongoza wageni ni kuuliza asubuhi mpaka usiku. Umelalaje, umekula, umekunywa maji kiasi gani, kichwa kinauma wapi, tangu saa ngapi. Ukishindwa kuuliza vizuri pale kambi ya Barranco, kesho yake kambi ya Barafu una mgonjwa na hujui ameanza kuumwa lini.

Jinsi wanavyofanya ni hivi. Mnakaa wawili wawili, kila mmoja anapewa kadi na haruhusiwi kumwonyesha mwenzake. Mmoja mgeni, mmoja mwongozaji. Kadi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mgeni aliyefika kambi ya Karanga, imeandikwa kwamba umetapika mara mbili, kichwa kinakugonga, supu umeimwaga nyuma ya hema, na hutaki mtu yeyote ajue kwa sababu umetumia akiba ya miaka kuja kupanda mlima huu na unaogopa utashushwa. Ukiulizwa kijumla jibu kwamba uko sawa. Ukiulizwa kitu mahususi, usidanganye. Mwenye kadi ya mwongozaji hajui lolote kati ya hayo, yeye ameandikiwa tu namba ya kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni na kwamba ni saa kumi na mbili jioni.

Basi mwenzangu, mpagazi wa siku nyingi, mtu mzima kabisa, akaanza kama sote tulivyozoea, "Are you okay?" Mgeni akajibu "Yes, I'm fine." "Any problem?" "No problem." Kimya. Ticha hasemi kitu, anawaacha tu mpaka kimya kinakuwa kizito. Halafu yule mzee akakaa vizuri kwenye kiti, akauliza taratibu, "What did you eat today?" Mgeni akasita. "Soup." "You finished the soup?" Hapo ndo mambo yakaanza kufunguka, moja baada ya jingine, mara supu, mara kutapika, mara kichwa. Kiingereza chake hakikuwa kizuri ukikipima kwa kalamu nyekundu, ila alipata kila alichotakiwa kupata. Darasa zima tulipiga makofi na nawaambieni ukweli yale maswali mawili ya supu nimeyatumia mlimani na yanafanya kazi kuliko "are you okay" mia.

Baada ya hapo wakatupa ile orodha ya dalili za ugonjwa wa mwinuko, kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu, kizunguzungu, kila moja mgeni anajipa alama kuanzia 0 mpaka 3, ambayo wengi wenu mnaiona viongozi wanaijaza kila jioni kwenye daftari. Tofauti ni kwamba hapa unafanya mazoezi ya kumweleza mgeni 1 ni nini na 2 ni nini kwa maneno yako, maana mgeni mmoja 2 yake ni kichwa kizito tu na mwingine 2 yake anashindwa kufungua macho. Kuna zoezi la kuuliza mpaka mkubaliane. Hilo linachukua jioni nzima na ni halali yake kabisa.

Na kuna lile la mstari. Sakafu ya darasa ina vigae, kwa hiyo mgeni anasimama kwenye mstari wa kigae na wewe unamwelekeza kwa Kiingereza atembee kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, bila kumshika, bila kuonyesha kwa mfano, kwa maneno matupu. Jaribuni mkiwa nyumbani muone ilivyo kazi. Ticha mkubwa ambaye amepanda mlima miaka mingi anasisitiza hili kwa sababu mtu akianza kuyumba na kushindwa mstari huo kule juu, ubongo unaweza kuwa umeanza kuvimba, na dawa ya kwanza ni kushuka, sio kesho, saa ileile hata kama ni usiku. Kwa hiyo zoezi linaendelea, mgeni anakataa kushuka, analia, mke wake anasema hawezi kumwacha na yeye anataka kwenda Uhuru, kileleni, na wewe inabidi useme hapana kwa sauti ya upole lakini isiyotikisika. Sisi kwa malezi yetu kumwambia hapana mgeni, tena mtu mzima, tena aliyelipa, ni kitu kigumu mno hata kwa Kiswahili. Nimeona vijana wanaongea Kiingereza kinachotiririka wakafika hapo wakanyamaza.

Kitu kingine walichonisaidia ni kuacha kuuliza maswali ya kukanusha. Sisi mtu akikuuliza "huumwi kichwa?" unajibu "ndiyo, siumwi", na tunaelewana. Mzungu ukimuuliza "you don't have headache?" akajibu "yes", anaweza kuwa anamaanisha kinauma, wewe unaandika sifuri kwenye daftari unaondoka. Kwa hiyo pale marufuku, uliza moja kwa moja, na jibu la ndiyo au hapana pekee halikubaliki, lazima ufuate na swali lingine.

Zoezi la geti nalo zuri, nitalipitia haraka. Mgeni amekuja geti la Machame na begi la kilo 19 wakati kampuni imeshamwambia mwisho 15, na wewe unajua mzani wa getini mzigo wa mpagazi mwisho ni kilo 20 pamoja na vitu vyake mwenyewe. Unamwelezaje atoe vitu bila kumuaibisha mbele ya wenzake? Hapo wanafundisha lugha ya kuomba, maana ukitafsiri "lete begi" moja kwa moja mgeni anaona unamwamrisha. Mwenzetu mmoja alimwambia mgeni, "The man who carries this bag is standing there, his name is so and so, can we make it lighter for him?" Mimi nilinyamaza kidogo niliposikia hilo. Nimebeba mizigo ya namna hiyo mgongoni na sikuwahi kusikia mtu akinisemea hivyo.

Sasa malalamiko.

La kwanza ni yule mwalimu msaidizi. Ana moyo, anajituma, ila anakukatisha katikati ya sentensi kukurekebisha s iliyosahaulika mwisho wa neno. Mpishi mmoja dada yetu alikuwa anaeleza menyu ya jioni, amejipanga vizuri, amefika kwenye uji wa asubuhi na mgeni asiyekula ngano, akakatishwa mara tatu, akakaa chini na jioni ile hakuongea tena. Ticha mkubwa yeye anaandika makosa kwenye karatasi, zoezi likiisha ndo anayaweka ubaoni bila kutaja nani kasema. Hiyo ndo njia sahihi, na uongozi wa kituo unatakiwa uwakalishe walimu wote wafanye namna moja, kwa sababu mtu wa darasa la saba aliyejipa moyo akaja kusoma na miaka yake arobaini, ukimvunja siku ya pili harudi.

La pili ni zile karatasi za kopi. Wiki mbili za mwanzo tulikuwa tunaigiza kununua tiketi ya treni London na kurudisha viatu dukani. Hao watu wanajua kabisa darasa zima ni la mlimani, sasa treni ya London ya nini? Kadi za mlimani wanazo, nzuri kama nilivyoeleza, waanze nazo siku ya kwanza.

La tatu naona ni kubwa kuliko yote. Sauti zote wanazotusikilizisha ni za Waingereza wa kwenye redio, wametulia, wanatamka kila neno. Wageni wetu wengi sio hao. Unapata Mjerumani, Mkorea, Mhindi, Mpolandi, Mfaransa, na wao Kiingereza wamejifunza kama sisi, kila mtu na lafudhi yake, na hata Mwingereza mwenyewe akiwa juu ya mita 4,600 pale Lava Tower anahema, upepo unapiga, amefunika mdomo kwa kile kitambaa cha shingoni, buff, hasikiki kama redio. Siku za Ijumaa huwa wanaalika wageni waliofikia hosteli za jirani waje wapige stori na sisi, na kwa maoni yangu Ijumaa moja ile ni bora kuliko zile sauti zote. Kuna Ijumaa alikuja kijana wa Kihispania, mwanzoni hatukumshika kabisa, baada ya nusu saa tukajua namna ya kumwomba arudie bila kumchosha, namna ya kurudia alichosema kwa maneno yetu ili athibitishe. Hiyo ndo kazi yenyewe. Naomba sana waifanye mara mbili kwa wiki, hasa msimu wageni wakiwa wengi mjini, ingawa msimu ndo sisi tunakuwa mlimani, najua, hapo ni mtihani.

Mtaniuliza kuhusu simu, maana siku hizi kuna programu za akili mnemba unaongea nayo kwa sauti nayo inajibu, unaweza kuiambia wewe ni mgeni unaumwa mimi nakuhoji. Nimeitumia na inasaidia kufungua mdomo, haichoki, haikucheki, saa sita usiku iko macho. Shida yake bando inakwenda, kule juu mtandao wa kubahatisha, halafu ina adabu sana, ukiuliza swali moja inakumwagia dalili zote kama imekariri. Mgonjwa wa kweli anajikunja kwenye hema anakujibu neno moja. Kwa hiyo tumia ya simu kujipasha moto ila usiache binadamu. Kwa kusikiliza, vile vipindi vya BBC Learning English vya dakika sita ni vya bure, unavidownload mjini unasikiliza kwenye hema, hivyo navipendekeza bila wasiwasi.

Na msisubiri darasa kufanya maigizo. Mkiwa kambini mmeshapanga mahema na mgeni kalala, watu wawili wanaweza kufanya kadi ya supu kwa dakika kumi. Mwanzoni wenzenu watacheka, waacheni. Kwenye timu yetu walioanza kwa kucheka sasa ndo wanatunga kadi mpya, na za kwao kali kuliko za darasani kwa sababu wameyaona yale mambo kwa macho.

Ada ni elfu hamsini kwa mwezi, wanakubali ulipe kwa mafungu mawili, jioni tatu kwa wiki pamoja na Ijumaa ya wageni. Ukiwa huwezi kabisa hata kujitambulisha kwa Kiingereza, anzia kozi ya chini kwanza, hapa utapata shida maana hawatafsiri sana. Ukiwa unaelewa kidogo lakini mdomo umefunga, ukiwa unataka kuomba nafasi ya uasistanti, ukiwa mpishi unayetaka kuongea na mgeni mwenyewe kuhusu chakula chake badala ya kupitia kwa kiongozi, nenda. Nendeni wawili wawili kutoka timu moja kama inawezekana, mtafanya mazoezi mkirudi. Na mkijiandikisha ombeni mapema darasa la ticha mkubwa, linajaa haraka mvua zikianza na mlima ukipoa, lile la pili msilikubali mpaka mmeuliza mwalimu anarekebisha makosa saa ngapi, mtu akiwa anaongea au akishamaliza.