Bodikiti ya faiba iliyotengenezwa Dar kwenye Toyota 86, tumeingia mpaka uvunguni

Oya wadau mambo vipi, karibuni tena. Leo sianzi na maneno mengi maana kitu chenyewe mnakiona hapo nyuma yangu, Toyota 86 nyeupe ya mshkaji wangu mmoja wa Mikocheni, kaifungia bodikiti, yaani vipande vya kuongeza kwenye bodi kama bawa, sketi na mdomo wa mbele, ambayo haijatoka Japani wala China, imechorwa hapa hapa Dar, moldi imetengenezwa hapa, na faiba kaimwaga fundi aliyezoea kutengeneza boti kule Kigamboni. Kila siku mnaniuliza, kaka, hizi bodikiti za kutengenezesha zinafanya kazi kweli au ni urembo? Basi leo tunapiga jeki tunaangalia.

Kwa asiyeijua hii gari, ilitoka 2012, Toyota na Subaru waliitengeneza pamoja, injini boksa, ile yenye pistoni zinazolala kushoto na kulia, lita 2, farasi 200, uzito kama kilo 1,230 hivi, na kwa umbo lake lilivyotoka kiwandani inakata upepo vizuri mno, ile namba ya ukinzani wa hewa ni 0.27, na ikiwa ndogo ndiyo nzuri. Naitaja hiyo namba makusudi. Ukianza kubandika vitu ovyo unaharibu kazi ambayo wahandisi walishaifanya, na kibaya zaidi gari inaweza ikawa ya hatari kuliko ilivyokuwa.

Sasa elewa kwanza upepo unafanya nini. Gari juu imevimba, upepo ukipita pale unakimbia, presha inashuka, gari inataka kunyanyuka, umeshaona godoro limefungwa vibaya juu ya keria la pikapu likianza kupaa mbele, basi ndiyo hiyo hiyo. Na siyo nadharia. Audi TT ya kwanza kabisa, mwishoni mwa miaka ya 90, ilikuwa na mgongo wa mviringo bila spoila, kule kwenye barabara za kasi za Ujerumani nyuma ikawa inakosa mshiko, watu wakapata ajali mbaya, Audi ikabidi waziite gari zirudi, wazifunge spoila ndogo nyuma na kurekebisha saspensheni. Kispoila kidogo tu, lakini kilikuwa na kazi.

Tuje kwenye hili bawa la nyuma maana najua ndiyo mnalolitazama. Lina mita 1.5 kwa upana na sentimita 25 kutoka mbele kwenda nyuma. Nimepiga hesabu, kwa bawa la ukubwa huu lililotegwa vizuri, kwenye spidi 50, yaani ile ya vibao vya mjini, linaikandamiza gari chini kwa kama kilo 4. Kilo nne, mfuko wa sembe haujafika hata. Kwenye 100 inakuwa kama kilo 17, kwenye 150 inafika 38 hivi, kwa sababu spidi ikizidi mara mbili nguvu ya upepo inazidi mara nne. Na hapo nimehesabu upepo msafi, wakati kiukweli paa la gari linauvuruga kabla haujafika nyuma, kwa hiyo punguza. Ndiyo maana nawaambia, kama safari zako ni Mwenge kwenda Posta na foleni ya pale Morocco hapa Dar, bawa ni muonekano, na muonekano siyo dhambi, penda gari yako, ila ujue unacholipia.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Bawa limekaa nyuma ya ekseli ya nyuma, hapa nimepima ni kama sentimita 60, na kutoka tairi ya mbele hadi ya nyuma 86 ina mita 2.57. Ukikandamiza nyuma kilo 38 kwenye hiyo nukta, mbele inanyanyuka karibu kilo 9, kama vile mtoto amekaa mwisho wa bembea ya ubao. Kwa hiyo mtu anayefunga bawa kubwa na mbele hajagusa kitu, kwenye kona ya kasi gari inagoma kugeuka, unakata usukani yenyewe inaenda moja kwa moja. Anza mbele jamani. Kila nikiona Subaru ina bawa la nyuma kubwa kama meza na mbele bampa tupu, roho inaniuma.

Na huyu mshkaji ameanza mbele, hapo nampa heko. Tulale chini tuangalie, sogeza kamera. Unaona hii spilita, huu mdomo bapa chini ya bampa ya mbele? Ubao wa marini wa milimita 12, umepakwa resini pande zote na kwenye kingo, hizo kingo ndiyo muhimu maana maji ya mvua za masika yakiingia mle ubao unavimba unafumuka. Umetokeza mbele ya bampa kama sentimita 6. Hapo mbele upepo unagonga bampa unasimama, presha inakuwa kubwa juu ya mdomo wa spilita, chini unakimbia presha inakuwa ndogo, tofauti ya hizo mbili ndiyo inayovuta pua ya gari chini. Wengine wanatumia alukobondi, zile za mabango ya maduka, ni nyepesi na haili maji, mimi ningechukua hiyo.

Sasa hapa ndipo penye siri yote ya video hii, wekeni macho. Spilita haijafungwa kwenye bampa. Bampa ni plastiki, imeshikwa na klipu, ukiifungia kitu kinachovutwa chini na upepo, bampa inajikunja, spilita inainama, kwenye spidi inaweza kung'oka ikaingia chini ya tairi yako mwenyewe. Hii imefungwa kwenye chasisi, kuna brakaiti mbili za flatibaa zimechomelewa kazi safi, halafu hapa mbele nondo ndogo mbili za kurekebisha urefu. Fundi alisimama juu ya huo mdomo kwa mguu mmoja mbele yangu, na ni mtu wa mwili kidogo, haukulia hata. Hicho ndiyo kipimo changu, bodikiti yoyote nitakayoletewa, kama siwezi kuiegemea kwa nguvu kwa mkono basi sitaki kuiona kwenye spidi 120. Hata bawa la nyuma hivyo hivyo, miguu yake imepita kwenye bati la buti ikashika vyuma vya ndani na bamba la kusambaza uzito, haijaachwa kwenye bati tupu ambalo lingebonyea na kupasuka. Mwaka 1966 Chaparral, timu ya magari ya mashindano ya Marekani, waliliweka bawa juu ya nguzo ndefu zilizoshika moja kwa moja vitovu vya magurudumu ya nyuma, ili nguvu iende kwenye tairi siyo kwenye bodi. Wazo ni lile lile. Na mwaka 1969, kwenye Formula 1, mabawa ya juu yalivunjika kwenye mashindano ya Uhispania, madereva Graham Hill na Jochen Rindt wote wakapata ajali, na mbio zilizofuata Monaco yakapigwa marufuku. Kilichofeli pale ni uimara.

Faiba yenyewe nimeigonga kwa kidole pote, sauti moja, hakuna mahali pa puti nene, ile ya kuzibia mashimo, kwa sababu puti nene kwa jua la Dar na mitikisiko yetu inapasuka ndani ya miezi. Nimeambiwa ni matabaka matatu ya ile mati, mkeka wa nyuzi za faiba, ya gramu 450 kwa mita ya mraba, inatoa unene wa milimita 3 hivi, na ukipiga tochi kwa nyuma huoni mapovu ya hewa. Hapa joto letu lina shida yake, hadina, ile dawa ya kugandisha resini, ukiweka asilimia 2 kama watu wa nchi za baridi, resini inachemka ndani ya kopo kabla hujaipaka, inajipinda inapasuka, huku inatosha asilimia 1 na kazi ianze asubuhi mapema. Na usiitoe kwenye moldi haraka kisa mwenye gari anapiga simu, ikitoka mbichi ikakaa juani inapinda na haitakaa tena kwenye fenda, utaishia kujaza puti. Sketi za pembeni hizi zimekaa sawa, pengo lake na mlango kidole kimoja cha mtoto mwanzo mpaka mwisho.

Kulijaribu bawa tulienda alfajiri Jumapili ile njia nane ya Kimara Kibaha, kabla malori hayajajaa. Kipimo chetu ni nyuzi za sufu, vipande vifupi umebandika kwa selotepu kwenye boneti, kioo cha nyuma na bawa, gari ya pili inarekodi kwa simu pembeni. Uzi ukilala umenyooka, upepo umeshika bodi. Uzi ukizunguka na kurudi mbele, pale upepo umeachia, hakuna kazi. Tazama hapa, chini ya bawa nyuzi zimelala safi, na chini ndiyo upande unaofanya kazi kubwa, ndiyo maana siku hizi utaona mabawa mengi ya mashindano yameshikwa kwa juu. Tulipoinua sana pembe yake nyuzi za chini zikaanza kucheza, tukalishusha. Pia nyuma kabisa ya bawa kuna kipande kidogo cha engo ya alumini kimesimama milimita 5, hicho alikianzisha dereva wa mashindano Dan Gurney mwaka 1971 na mpaka leo ni kifaa cha bei ndogo chenye faida kubwa.

Difyuza ya nyuma, ile sehemu ya chini ya bampa inayotoa upepo wa uvunguni, lakini, hapana. Mshkaji wangu atanisamehe. Ni plastiki ya kununua yenye mapezi, imebandikwa chini ya bampa, na kati yake na spilita hakuna kitu, uvungu umejaa bomba, tenki, ekseli, upepo unafika pale umeshachoka. Nyuzi zote zilikuwa zinazunguka. Difyuza inataka sakafu bapa kutoka mbele, na inyanyuke taratibu, digrii 7 mpaka 12 hivi, ukizidisha hewa inaachia. Hiyo hela angeongeza kwenye bamba la chini la injini, akiacha matundu ya joto kutoka kwenye rejeta, kwa sababu ukiziba yote kwa joto hili utachemsha.

Sasa matuta. Spilita hii inatoka kwa bolti nne, dakika chache ipo kwenye buti, na chini imewekewa vipande vya plastiki ngumu vya kuburuzika. Mdomo wake umezungushwa haukukatwa kwa pembe kali, na bawa halijatokeza nje ya upana wa gari. Hilo naomba mlizingatie sana, bodaboda anapita sentimita kumi na gari yako kila siku, goti lake lisikutane na kisu ulichokitengeneza kwa ajili ya urembo.

Kwa hiyo spilita, sketi na brakaiti nazichukua hata leo. Bawa nalichukua kwa mtu anayeenda kukimbiza gari sehemu iliyofungwa kwa ajili hiyo, na nalitega chini kuliko lilivyo sasa mpaka bamba la chini likamilike. Mwenye 86 au BRZ, pacha wake wa Subaru, anayetaka kufanya kitu kama hiki, ukienda kwa fundi usianze na picha ya mtandaoni, mwambie akuonyeshe brakaiti alizochomelea kwenye gari iliyopita, na baada ya safari ya kwanza rudi ukaze bolti zote upya maana ubao unakaa na nati zinalegea.