Chombo cha kuhifadhia maji Mombasa: ununue kipi kwanza?

Maji ya Mombasa hutoka mbali. Ya chemchemi za Mzima hushuka kwa bomba kutoka Tsavo Magharibi, ya Marere hutoka Shimba Hills, ya Tiwi ni ya visima, na ya Baricho huvutwa kando ya mto Sabaki kwa pampu za stima. Bomba likipasuka njiani, au stima ikikatika Baricho, anayeamka kutafuta mkokoteni wa maji ni mtu wa Majengo au Kongowea. Ndiyo maana nyumba isiyo na chombo cha maji hapa huwa na wasiwasi kila mfereji unapokohoa.

Watu wengi huenda dukani wakiuliza ukubwa na bei. Mimi naomba uulize mfuniko kwanza. Mji huu umepigwa na homa ya dengi zaidi ya mara moja, mwaka 2013 na tena 2021, na mwishoni mwa 2017 ikaingia chikungunya, ile ya kumkunja mtu viungo hadi ashindwe kushika kikombe. Zote mbili huenezwa na mbu wa Aedes. Huyu huuma mchana, tena hapendi mtaro mchafu kama wengi wanavyodhani. Anapenda maji yaliyotulia ndani ya pipa na ndoo zetu. Hutaga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi. Ukimwaga maji na kujaza mengine bila kusugua, umemtunzia uzazi wake. Kwa hiyo chombo kizuri kwangu ni kile kinachofunika kabisa na kinachoingiza mkono wenye brashi.

Kuhusu kiasi, viwango vya kimataifa vya misaada huhesabu angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na usafi. Watu 5 kwa siku 3 ni lita 225. Pipa moja kubwa na mtungi mmoja wa lita 20 vinatosha.

La kwanza: pipa la plastiki la lita 200 na kitu, lenye mdomo mpana. Namaanisha lile ambalo mfuniko wote hutoka na kufungwa kwa pete ya chuma au kwa kuzungushwa. Lile jingine lenye vitundu viwili vidogo juu liache, hata akikupunguzia bei, kwa sababu huwezi kulisugua ndani. Angalia mpira wa mfuniko: ukiwa umekatika, mbu anapita.

Hapa ndipo pana hatari ya kweli, kwa sababu mapipa mengi yanayouzwa yameshatumika. Muulize muuzaji lilibeba nini, na usiridhike na jibu la "sabuni tu." Soma lebo. Ikiwa imebanduliwa, au ukiinamisha pua ndani ukapata harufu kali ya dawa au rangi, shukuru uende zako. Plastiki hunyonya kemikali, na kuosha mara kumi hakuitoi. Alama ya glasi na uma inaonyesha plastiki iliyotengenezwa kwa chakula. Namba 2 ndani ya pembetatu inaeleza aina ya plastiki tu; haisemi pipa lilibeba nini.

Mwambie fundi akutobolee na kukutilia koki, iwe juu ya kitako kwa upana wa vidole vitatu ili uchafu utulie chini yake. Lipandishe pipa juu ya matofali imara mtungi uingie chini ya koki. Chagua mahali pake kabla ya kulijaza, maana likijaa lina zaidi ya kilo 200 na hakuna wa kulisogeza.

La pili: mitungi ya lita 20. Mama anayeishi ghorofa ya nne isiyo na lifti aanzie hapa, asijisumbue na pipa. Mitungi minne au mitano inapandishwa mmoja mmoja, inakaa chini ya meza, na mdomo wake mwembamba huzuia watoto kuchota kwa kikombe kichafu. Kwa maji ya kunywa, naiamini kuliko pipa. Kasoro yake ni kwamba haisuguliki kwa urahisi: tia maji kidogo na mchanga safi au kokoto, tikisa kwa nguvu, suuza. Usinunue bila kifuniko ukitumaini utakipata baadaye. Watu huishia kuziba kwa mfuko wa plastiki au gunzi. Uliobeba mafuta ya kula unafaa ukioshwa kwa maji moto na sabuni. Uliobeba mafuta ya taa haufai kamwe.

Weka alama kwenye mitungi. Visima vingi vya kisiwani ni vya maji ya chumvi, na vingine viko karibu na vyoo vya shimo, kwa hivyo maji hayo ni ya kufulia na chooni. Mtungi wake usichanganywe na wa kunywa. Maji ya mkokoteni pia yachemshe mpaka yatokote sawasawa, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na usubiri nusu saa.

La tatu: tangi la lita 1000. Kwa mwenye nyumba au wapangaji wanaochangia, ni bora sana. Nimeliweka la tatu kwa sababu ya uzito: likijaa ni tani moja ya maji. Usilipandishe juu ya dari ya nyumba kongwe kabla fundi wa ujenzi hajaitazama. Chagua jeusi, mwanga usipenye na kuotesha ukijani, na bomba la kumwagia ziada lifungwe wavu.

La nne: ndoo yenye mfuniko na koki. Ni ya mezani, kwa maji yaliyokwisha kutiwa dawa. Mtungi wa udongo unapoza vizuri zaidi, nami naupenda, lakini uwe na kifuniko na kata yenye mpini mrefu.

Usinunue: pipa la chuma, kwani hewa yetu ya bahari na maji ya chumvi hulila kwa kutu upesi, wala karai au ndoo ya wazi kwa kuhifadhia. Penye mtoto anayetambaa, ndoo ya wazi yenye maji inaweza kumzamisha kwa dakika chache, hata ikiwa na maji ya kina kifupi.